Momenti ya waya wa nguzo kwa Casio fx-991ES PLUS

Kikokotoo cha kuchora grafu ni kizuri ukikipata, ila wengi wetu darasani tuna hiki cha Casio, na kwa vekta za mekanika ya mwaka wa kwanza kinatosha. Shida ni kwamba kuna watu wanakimiliki miaka mitatu na hawajawahi kubonyeza MODE 8 (hali ya vekta).

Tuchukue nguzo ya mita 6. Shina lake ni O (0, 0, 0), kilele ni A (0, 0, 6). Waya umetoka A ukafungwa ardhini kwenye B (2, 3, 0), nao umekazwa kwa nyutoni 350. Tunataka momenti ya kani hiyo kuhusu O, yaani nguvu yake ya kuzungusha nguzo kwenye O: r × kani, ambapo r ni vekta kutoka O hadi kani inaposhika.

1. Anza na karatasi. AB ni B toa A: (2, 3, −6). Ukitoa kinyume, kikokotoo hakitalalamika, kitakupa tu jibu la waya unaosukuma nguzo.

2. MODE 8, kisha 1 (VctA), kisha 1 (namba tatu). Ingiza 2 = 3 = −6 =, halafu AC.

3. SHIFT 5, 1 (Dim), 2 (VctB), 1. Ingiza 0, 0, 6. Hii ndiyo r, kutoka O hadi A. AC tena.

4. Kani: 350 ÷ Abs(VctA) × VctA =. Abs (ukubwa wa vekta) iko SHIFT hyp. VctA ni SHIFT 5 3. Utaona 100, 150, −300. Waya una mita 7 kamili, ndiyo maana namba zimenyooka. Kwenye mtihani usitegemee huruma hiyo.

5. AC, kisha VctB × VctAns = (VctAns ni jibu la hatua ya 4, yaani kani), yaani SHIFT 5 4, alama ya kuzidisha, SHIFT 5 6. Jibu: −900, 600, 0. Ile sifuri ina maana yake: waya umeshikwa kwenye mhimili wa nguzo, hauwezi kuisokota. Abs(VctAns) inatoa 1081.67 Nm.

r hutangulia, kani hufuata. Ukigeuza unapata 900, −600, 0, na ukubwa ni uleule. Testi yangu ya kwanza niliangalia ukubwa tu, nikaridhika, alama zikaenda.

Kujihakiki ni rahisi: nukta yoyote iliyo kwenye mstari wa waya inafaa kuwa r. Weka B kwenye VctC (2, 3, 0), kisha VctC × (50 × VctA). Hiyo 50 ni 350 ÷ 7. Lazima irudi −900, 600, 0. Isiporudi, kuna namba umeingiza vibaya.

Pembe kati ya waya na nguzo hutumia doti, SHIFT 5 7, si alama ya kuzidisha. Hakikisha juu ya skrini kuna D (digrii), kisha (VctA • VctB) ÷ (Abs(VctA) × Abs(VctB)) =, halafu SHIFT cos Ans =. Inakuja 149°. Usiinakili hivyo hivyo: VctB inapanda, VctA inashuka. Pembe iliyo kwenye mchoro wako ni 31°.