Namna ya Kutaja Vyeo vya Familia ya Kifalme ya Japani

Mshereheshaji au mwandishi wa habari wa Nairobi anayejiandaa kwa tarehe 23 Februari, siku ya kuzaliwa ya Mfalme wa Japani ambayo pia ndiyo siku ya taifa ya nchi hiyo, hana budi kuvijua vyeo vya familia hiyo kabla ya kushika kalamu au kipaza sauti.

Anza na kiti chenyewe. Mfalme anayetawala ni Tenno, na mkewe ni Kogo. Majina yao, Naruhito na Masako, hayana ubaya katika gazeti la huku kwetu, lakini Wajapani wenyewe hawamwiti Mfalme kwa jina. Husema Tenno Heika, yaani Mtukufu Mfalme. Heshima hiyo ya Heika kwa sasa ni ya watu wanne tu: hao wawili, pamoja na Akihito aliyeng'atuka tarehe 30 Aprili 2019, ambaye huitwa Joko, na mkewe Michiko, ambaye ni Jokogo. Wengine wote ni Denka, heshima iliyo chini ya Heika. Jihadhari sana usiandike "Mfalme Reiwa", ingawa enzi iliyoanza tarehe 1 Mei 2019 inaitwa Reiwa, kwa sababu mfalme hupewa jina la enzi yake akishafariki, kama alivyopewa Hirohito, ambaye tangu alipofariki mwaka 1989 anajulikana kama Mfalme Showa. Kumwita hivyo mfalme aliye hai ni sawa na kumtangazia tanzia.

Kisha hesabu vizazi, na hapa usiharakishe. Kwa sheria ya mwaka 1947, watoto wa mfalme, na wajukuu wake kwa upande wa wanawe wa kiume, ni Shinno wakiwa wanaume na Naishinno wakiwa wanawake. Kuanzia vitukuu, cheo hushuka kikawa O kwa mwanamume na Joo kwa mwanamke. Ndiyo maana Aiko, binti wa Mfalme aliyezaliwa mwaka 2001, ni Naishinno, ilhali Akiko wa tawi la Mikasa, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka 20, ni Joo, kwa kuwa yeye ni kitukuu wa Mfalme Taisho, baba yake Hirohito. Umri haubadilishi lolote.

Mrithi wa kiti naye anahitaji uangalifu. Naruhito alipozuru Kenya mwaka 2010 alikuwa Kotaishi, yaani mrithi aliye mwana wa mfalme. Mrithi wa leo, Akishino, ni mdogo wake Mfalme wala si mwanawe, na kwa hiyo huitwa Koshi. Anayenukuu habari za ziara ile aongeze maneno "wakati huo", wala asihamishie cheo kile kwa Akishino.

Mwisho, binti wa familia hii akiolewa na raia wa kawaida huacha vyeo vyote. Sayako, dada mdogo wa Mfalme, aliolewa mwaka 2005 akachukua jina la Kuroda. Yeye aandikwe Bi. Sayako Kuroda, bila Denka.