Somo: Kulipia au Kutolipia Chumba cha Daraja la Juu Kwenye Meli ya Kitalii

Ndugu zangu wa Kusini, naliandika somo hili mara moja ili nisiendelee kulijibu swali lilelile kwa simu, kwa ujumbe, na hata nikiwa nimesimama nasubiri samaki pale Feri. Wazazi ambao watoto wao wako ng'ambo, maharusi, na wale ambao korosho imewaendea vizuri huniletea mimi, mtu wa tiketi, barua pepe ya aina moja: kampuni ya meli inawaambia kwamba kwa kuongeza fedha kidogo wanaweza kuhamishwa kutoka kwenye chumba walicholipia na kuwekwa kwenye switi, yaani chumba cha daraja la juu. Wananiuliza kama inafaa, nawajibu kwamba inategemea, nao huondoka wamenuna. Haya hapa ndiyo mambo inayoyategemea.

Hatua ya kwanza. Fahamu chumba ulicho nacho sasa: cha ndani kisicho na dirisha, chenye dirisha, chenye roshani, au switi ndogo.

Hatua ya pili. Soma orodha ya yaliyomo kwenye switi ya meli utakayopanda wewe, kwa sababu kampuni hazifanani hata kidogo. MSC wana eneo waliloliita Yacht Club, lenye mkahawa wake, ukumbi wake na mhudumu maalumu, na vinywaji vimo kwenye bei. Norwegian wana The Haven, eneo la switi ambalo hufunguliwa kwa kadi ya wakazi wake pekee. Cunard wao huunganisha chumba na mahali pa kula, hivi kwamba aliyelala kwenye switi za Queens Grill hula kwenye mkahawa wa Queens Grill. Royal Caribbean wamezipanga switi zao kwa matabaka, na switi ndogo kabisa, ambayo ndiyo wengi huuziwa kwa bei ya kuvutia, humpa mtu nafasi zaidi ya kunyoosha miguu bila kumpa huduma zote za waliomzidi. Kwa hiyo ukiona switi ya bei ya chini, jiulize kwanza kama unanunua huduma au unanunua sakafu tu.

Hapa wengi wetu tuna jambo letu la pekee. Sehemu kubwa ya thamani inayotajwa kwenye orodha hizi ni pombe. Kama hunywi, basi chukua kalamu uifute, kwa kuwa mvinyo usioonja hauwezi kuwa faida yako hata ukiandikiwa kwamba ni wa bure. Nimeona familia ya watu wasiokunywa ikishawishiwa na maneno "vinywaji vyote vimejumuishwa" na kuishia kunywa soda na kahawa za bei ghali kupita zote walizowahi kunywa.

Hatua ya tatu. Hesabu siku ambazo meli itakuwa baharini mchana kutwa. Safari ya Queen Mary 2 kutoka Southampton hadi New York huchukua kwa kawaida usiku saba bila bandari katikati, na huko chumba ndicho dunia yako. Safari ya Mediterania ya wiki moja hugusa bandari karibu kila siku. Unatoka asubuhi, unarudi jioni miguu ikiuma, unalala. Kumlipia switi mtu ambaye hatakuwamo chumbani ni sadaka kwa mwenye meli.

Hatua ya nne, ambayo naieleza kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyonila fedha mimi mwenyewe: mnada. Siku hizi kampuni nyingi hazikutajii bei ya kupandishwa daraja, bali hukualika utaje dau lako, nazo hulikubali au kulikataa kadiri vyumba vinavyobaki wazi safari inapokaribia. Kwa Royal Caribbean mpango huu huitwa RoyalUp, na kwa Norwegian huitwa Upgrade Advantage. Yashike haya yafuatayo kabla hujagusa kitufe. Namba unayoiona ni ya mtu mmoja. Chumba kina watu wawili, kwa hiyo zidisha kwa mbili, na mara nyingi anayesafiri peke yake naye hutozwa kama wawili. Dau ni nyongeza juu ya nauli uliyokwisha kulipa, wala halichukui nafasi yake. Unaweza kulibadilisha au kulifuta wakati bado halijakubaliwa, lakini likikubaliwa kadi yako hukatwa papo hapo na hakuna kurudishiwa. Kile kipimo cha rangi kinachosema kwamba dau lako ni dhaifu au imara hakikuambii vyumba vingapi viko wazi. Kazi yake ni kukufanya uongeze. La mwisho, na ndilo chungu zaidi, ni kwamba ukishinda hupewi nafasi ya kuchagua mahali. Ulikuwa umejichagulia chumba kizuri cha katikati ya meli, ukajikuta umehamishiwa switi ya omo kabisa, yaani mbele ya meli, tena juu, ambako kila wimbi linakuja kukusalimia.

Hatua ya tano. Ifungue ramani ya sitaha za meli. Meli hubembea zaidi katika ncha zake na katika sitaha za juu, na hutulia zaidi katikati na chini. Switi nyingi zimejengwa juu, na baadhi ziko omo (mbele) au tezi (nyuma). Wanaokumbuka safari za Canadian Spirit kati ya Dar es Salaam na Mtwara wanajua kwamba bahari haina adabu kwa mwenye tiketi ya bei kubwa. Angalia pia kilicho juu ya dari yako: chumba kilicho chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea huamshwa alfajiri na viti vinavyoburutwa, na kilicho juu ya ukumbi wa muziki hakilali mapema.

Hatua ya sita. Fanya hesabu kwa usiku mmoja. Tuseme mko wawili, safari ni ya usiku saba, na dau ni dola 600 kwa kila mtu. Hizo ni dola 1,200. Bahashishi ya kila siku, ambayo kampuni nyingi hukata zenyewe, huwa juu zaidi kwa switi. Tukisema tofauti ni dola 3 kwa mtu kwa siku, ongeza dola 42. Jumla ni 1,242. Sasa ondoa vile tu ambavyo mngevinunua hata kama mngebaki chumba cha kawaida: tuseme intaneti ya dola 140 na milo miwili ya mkahawa wa kulipia kwa dola 200. Inabaki 902, yaani takribani dola 129 kila usiku kwa ajili ya nafasi, utulivu na kutopanga foleni. Hiyo ndiyo bei halisi. Igeuze iwe shilingi kwa kiwango cha benki yako, uitazame, uamue. Msilinganishe dau na bei ya switi iliyoandikwa kwenye tovuti mkasema mmeokoa maelfu. Hamkuwa mnakwenda kuinunua kwa bei hiyo.

Hatua ya saba. Ukilinganisha, lilinganishe dau na roshani pia, si na chumba cha ndani peke yake. Kwa maoni yangu, kutoka kwenye chumba kisicho na dirisha kwenda kwenye roshani ni badiliko kubwa kuliko kutoka roshani kwenda switi, na mara nyingi hugharimu kidogo.

Sasa maswali ambayo wanachama wenzetu waliniuliza baada ya kulisoma somo. Nimeyaleta hapa pamoja na majibu yake.

Mwanachama wa Masasi: Kaka, somo zuri, ila hujasema switi ni shilingi ngapi.

Jibu: Rudia hatua ya nne na ya sita. Bei hutofautiana kwa meli, kwa tarehe na kwa njia.

Mwanachama wa Masasi: Hata makadirio tu?

Jibu: Nikikukadiria, wiki ijayo utasema nilikuahidi. Nitumie jina la meli na tarehe ya safari, ndipo tuzungumze.

Mwalimu mstaafu, Nachingwea: Shikamoo ndugu mwandishi, au marahaba kama wewe ni mdogo kwangu. Binti yangu aliye Marekani anatupeleka mimi na mama yake kwenye safari ya siku saba. Mama yake ana maumivu ya magoti. Binti anataka kutuwekea dau la switi ili mama apumzike vizuri. Je, switi itamsaidia?

Jibu: Shikamoo mwalimu, mimi ndiye mdogo. Swali lako ni zuri, kwa sababu limeanza na mtu badala ya kuanza na chumba. Kwa magoti, switi inaweza kusaidia au kudhuru. Itasaidia kwa kuwa mara nyingi wenye switi hupewa kipaumbele cha kupanda na kushuka, na mama hatasimama kwenye foleni ndefu gatini. Itadhuru ikiwa chumba kitakuwa ncha ya meli, kwa kuwa korido za meli kubwa ni ndefu mno, na baadhi ya switi zina bafu lenye sinki la kujilaza na kuogea, lenye ukingo mrefu ambao mtu wa magoti hawezi kuuvuka bila kushikwa, na nyingine zina ghorofa ndani kwa ndani. Ushauri wangu ni kwamba binti asiingie kwenye mnada, maana mnadani hachagui mahali. Apige simu kwa kampuni, aombe chumba chenye roshani kilicho karibu na lifti, katikati ya meli, chenye bafu la kusimama, na aulize pia kuhusu vyumba vilivyotengenezwa kwa wenye shida ya kutembea, ambavyo vina milango mipana na vyuma vya kushikia. Aulize pia ni bandari zipi ambako abiria hushushwa kwa boti ndogo, kwa sababu kuingia botini kunahitaji goti kuliko ngazi yoyote ya melini.

Mwalimu mstaafu, Nachingwea: Nimeelewa na nimemtumia. Je, kuhusu chakula halali?

Jibu: Mkahawa wa switi si dhamana ya halali. Kampuni iandikiwe mapema, wiki kadhaa kabla ya safari, na mkifika melini siku ya kwanza mwoneni msimamizi wa mkahawa ana kwa ana. Wengine huleta nyama halali wakiarifiwa. Wakishindwa, samaki na mboga hazikosekani, ingawa muulize zimepikwa pamoja na nini.

Mwanachama wa Lindi mjini: Mbona rafiki yangu alipandishwa bure? Nyie watu wa tiketi mnatuficha njia.

Jibu: Hakuna njia inayofichwa. Kampuni huuza pia vyumba ambavyo msafiri analipia daraja bila kuchagua namba ya chumba, na meli ikijaa vibaya mtu anaweza kusogezwa juu bila malipo. Rafiki yako alipata bahati. Kuvaa suti na kumwambia karani wa gatini kwamba ni siku yako ya kuzaliwa hakujazi wala hakuondoi vyumba.

Mwanachama wa Lindi mjini: Basi wewe unapinga tu watu kustarehe.

Jibu: Hatua ya tatu nimetaja wazi safari ambayo mtu hutumia chumba chake vizuri. Anayekwenda kupumzika, anayesoma vitabu, anayechukia makelele, na ambaye hesabu ya hatua ya sita haimkoseshi usingizi, alipie na astarehe. Ninachopinga ni mtu kukopa kwa ajili ya roshani mbili.

Bwana harusi mtarajiwa, Mikindani: Kaka, tunapanga fungate kwenye meli inayotoka Durban kwenda pwani ya Msumbiji. Je, hapa switi ina maana?

Jibu: Hongereni. Safari hizo aghalabu ni fupi, usiku tatu au nne, na msimu wake ni takribani Novemba hadi Aprili, miezi ambayo kwetu huku ni kaskazi ikigeukia masika. Kwa safari fupi namna hiyo, siku ya kwanza huishia kwenye kupanda na ya mwisho kwenye kushuka, kwa hiyo gawanya dau kwa siku kamili zilizobaki uone usiku mmoja unakuwa ghali kiasi gani. Mngeweza kuchukua roshani, kisha fedha inayobaki mkalale hotelini Durban kabla ya safari, jambo ambalo lingewafaa hata hivyo, kwa kuwa meli haimsubiri abiria ambaye ndege yake imechelewa kutoka Dar es Salaam.

Mama wa Newala: Mwanangu, mimi bahari inanishinda. Nilipanda boti ya Unguja nikatapika njia nzima, tena nilikuwa daraja la juu.

Jibu: Pole sana mama. Umeona mwenyewe kwamba daraja la juu kwenye boti ni kiti laini, wala halipunguzi mrama. Ukipanda tena, kaa chini, katikati au kuelekea nyuma, tazama upeo wa bahari badala ya simu, usiende na tumbo tupu wala lililojaa kupita kiasi. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Dawa za kichefuchefu humezwa kabla ya kuondoka, kwa maelekezo ya mfamasia, hasa kama unatumia dawa nyingine. Na kama waweza, epuka miezi ya kusi kali, Juni hadi Agosti.

Mwanachama wa Mtwara, Shangani: Nimekata tiketi ya safari ya Italia, Tunisia na Hispania. Dau nimeshaweka. Kuna la ziada?

Jibu: Je, viza yako ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni ya kuingia mara nyingi? Meli ikienda Tunisia umetoka Schengen, na kurudi Hispania ni kuingia upya.

Mwanachama wa Mtwara, Shangani: Sijaomba viza bado.

Jibu: Basi lifute dau hilo leo, kabla halijakubaliwa, kwa sababu likikubaliwa na viza ikakataliwa hutarudishiwa. Omba kwanza viza ya kuingia mara nyingi. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Ukiipata na dirisha la mnada likiwa bado wazi, weka dau upya, kisha iarifu benki yako kwamba kuna malipo ya nje yanayokuja, na uhakikishe kikomo cha kadi kinatosha dau zima la watu wawili.