Namna ya Kupata Kikundi cha Wanaoacha Pombe Moshi na Arusha, na Namna ya Kuhudhuria

Mtu anayetaka kuacha pombe huku kwetu mara nyingi huanza peke yake, kimya kimya, akijiambia kwamba atawatafuta wenzake baadaye, atakapokuwa amejirekebisha kidogo na aibu imempungua. Namsihi augeuze mpangilio huo. Kikundi kipo kwa ajili ya yule ambaye bado anakunywa na amechoka kunywa. Katika AA (Alcoholics Anonymous), umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, ulioanzia Akron, Marekani, mwaka 1935 kwa mazungumzo ya wanywaji wawili waliokuwa wakihangaika kuacha, sharti la uanachama ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada wala fomu, na hakuna atakayekuuliza dini au kazi yako.

Hata hivyo, lipo jambo linaloutangulia mkutano. Anayekunywa sana kila siku, hasa yule anayeamka mikono ikimtetemeka na hatulii mpaka azimue, asiache ghafla kabla ya kumwona daktari. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa ghafla unaweza kupatwa na degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili au ya tatu mtu anaweza kuchanganyikiwa, kutokwa jasho jingi na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo huua, ingawa hospitalini ina dawa. Familia zetu hukimbilia maombi kwanza. Maombi yaendelee, lakini yaendelee mgonjwa akiwa tayari kitandani hospitalini.

Hospitali hiyo hiyo ndiyo mahali pazuri pa kuulizia kikundi. Kwa aliyeko Moshi, aulize idara ya afya ya akili KCMC au Mawenzi. Kwa aliyeko Arusha, Mount Meru. Swali liwe la moja kwa moja: “Naomba kuelekezwa kwenye kikundi cha watu wanaoacha pombe.” Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, paroko au mchungaji, na wasimamizi wa nyumba za upataji nafuu, wanakokaa watu wanaoacha ulevi, nao huwa wanajua nani anakutana wapi. Tovuti ya kimataifa ya AA ina sehemu ya kutafutia mikutano, ikiwemo inayofanyika kwa intaneti, ambayo inamfaa anayeishi mbali na mji. Ukipata namba ya simu, piga kabla ya kwenda, kwa sababu siku na mahali hubadilika. Uliza pia mkutano unaendeshwa kwa lugha gani, na kama ni wa wazi, ambao hata ndugu au rafiki anaweza kuingia, au ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Usishangae ukielekezwa kwenye chumba cha kanisa: kikundi kinaweza kupewa au kukodishiwa chumba bila kuwa cha kanisa hilo.

Wapo wanaoogopa kukutana na jirani, hivyo anayeishi Moshi huona ni afadhali apande basi hadi Arusha, na wa Arusha ashuke Moshi. Naielewa hofu hiyo, na kwa mara ya kwanza inaweza kusaidia. Lakini ni mwendo wa kilomita 80 hivi, na nauli ya kwenda na kurudi kila wiki humshinda mtu mapema. Jirani utakayemkuta mle ndani amekuja kwa shida kama yako, na yanayosemwa humo hayatoki nje.

Siku ya kwanza fika dakika kumi kabla, ukiwa hujanywa kama unaweza. Kwa kawaida mkutano huchukua saa moja hadi moja na nusu. Mwenyekiti hufungua, pengine zikasomwa hatua 12 ambazo wanachama wa AA huzifuata, kisha mmoja mmoja hujitambulisha kwa jina la kwanza na kueleza yaliyompata, bila kukatizwa wala kushauriwa. Zamu ikikufikia na huna la kusema, sema, “Leo nasikiliza tu,” nayo itapita kwa mwingine. Kikizungushwa chombo cha mchango, mgeni halazimiki kutoa. Usiondoke mara tu mkutano unapofungwa, kwani katika dakika zile za kusimama mlangoni ndipo utakapopata namba za watu wa kuwapigia. Nenda walau mara sita kabla ya kuamua kama kikundi kinakufaa; baadaye mwombe mwenye siku nyingi bila pombe, wa jinsia yako, awe mdhamini wako na akuongoze katika hatua.

Mke, mume au mzazi naye asibaki nje. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni kwa ajili ya ndugu wa mnywaji, na mikutano yake ipo pia kwa intaneti.

Namba zile za wenzako wa kikundi utazihitaji zaidi mwezi Desemba. Wachaga wanaporudi nyumbani mlimani, mbege, pombe ya ndizi, hupokewa kama salamu, na kuikataa kata uliyonyoshewa na mjomba huonekana kama kumkataa mjomba mwenyewe. Kabla ya kupanda, patana na mwenzako wa kikundi saa ya kupigiana simu kila jioni, na umwombe ndugu mmoja unayemwamini, ikiwezekana mwenye umri mkubwa, akusemee mbele ya wazee kwamba hunywi. Ukiteleza, mpigie mwenzako usiku huo huo na uhudhurie mkutano unaofuata. Kiti chako hakijachukuliwa.