Sauti inakatika ukinakili filamu? Anza na wimbo mmoja kwenye flashi

Duka la kujaza filamu hapa Busia, upande wa Uganda, huita wateja kwa muziki unaopigwa kutoka kwenye kompyuta hadi spika ya mlangoni. Anakuja mtu na flashi ya GB 32, anataka filamu kumi za maveejay, wale wanaotafsiri filamu kwa sauti yao. Unaanza kunakili, na papo hapo wimbo unapata kigugumizi: ta-ta-ta, kimya, ta-ta. Wengi hukimbilia kubadilisha spika, na spika ya watu haina kosa.

MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde inahitaji kilobaiti 40 tu kila sekunde. Diski ya sahani (HDD), hata iliyochoka, husoma makumi ya megabaiti kwa muda huohuo. Data ipo ya kutosha, ila inachelewa kufika. Kadi ya sauti hunywa kutoka kwenye bafa, kibakuli kidogo ndani ya memori, na kibakuli kikikauka kufumba na kufumbua, unasikia pengo. Tunamtafuta anayechelewesha maji.

Hatua ya 1: tenganisha wimbo na diski

Weka wimbo kwenye flashi nyingine, uchomeke tundu jingine, uupige kutoka huko wakati diski kuu inaendelea kumjazia mteja. Sauti ikitulia, wimbo ulikuwa umekwama kwenye foleni ya diski: fuata hatua ya 2 na ya 3. Ikiendelea kukatika, ama memori imejaa ama kuna kinachoishikilia prosesa: hatua ya 2, kisha ruka hadi ya 4.

Usiipuuze. Mimi niliipuuza, nikanunua memori mpya kwa tatizo la waya.

Hatua ya 2: memori na foleni

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ifunguke. Memory ikiwa imepita asilimia 90, Windows inahamishia vitu kwenye diski ileile unayoisumbua. Funga kivinjari na kurasa zako ishirini, ujaribu tena.

Kisha andika resmon kwenye menyu ya Start, ufungue ukurasa wa Disk, uangalie kila diski peke yake. Flashi za bei ya chini huandika polepole sana, na mtu huidhania diski kuu imekufa kumbe inayosuasua ni ya mteja. Diski kuu ikiwa na kazi asilimia 100 na bado kunakili kunatambaa, endelea.

Hatua ya 3: afya ya diski

Hapa ndipo nimekuta majibu mengi. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, usiridhike na neno Good. Soma mistari mitatu: 05, C5 na C7. Angalizo: programu hii huonyesha namba za safu ya mwisho (Raw Values) kwa mfumo wa kumi na sita, hivyo 10 unayoiona ni 16.

05 ni sehemu mbovu ambazo diski imeshazihama. C5 ni zile inazozitilia shaka: ikigonga moja, hujaribu kuisoma tena na tena, pengine kwa sekunde kadhaa, na walioko nyuma yake wote wanasubiri, wimbo ukiwemo. C5 ikizidi sifuri, hamisha kazi zako kwanza kabla ya chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski) au ujanja wowote, maana diski hiyo haina ahadi.

C7 ni data iliyoharibika njiani, kati ya diski na ubao mkuu wa kompyuta (motherboard). Mara nyingi mkosaji ni waya wa SATA. Namba hii haishuki kamwe, kwa hiyo iandike kwenye karatasi, nakili filamu moja, uitazame tena. Yangu ilikuwa ikipanda kila siku. Waya ulikuwa umekunjwa nyuma ya kasha, umejaa vumbi jekundu.

Hatua ya 4: nani kaishika prosesa

Washa LatencyMon, programu inayoonyesha ni dreva gani (programu ndogo inayoendesha kifaa) inaichelewesha prosesa, nakili filamu huku muziki ukipiga kwa dakika kumi, kisha panga orodha ya ukurasa wa Drivers kwa safu ya muda mrefu zaidi (Highest execution). storport.sys, ya diski, ikiongoza, tafuta dreva mpya ya ubao kwenye tovuti ya mtengenezaji. ndis.sys inaelekeza kwenye mtandao: zima WiFi, upime upya.

Kwa anayerekodi sauti ya veejay kwenye mashine hiyohiyo: bafa ya sampuli 128 kwa 48,000 Hz haifiki hata milisekunde 3. Ipandishe hadi 1024, takriban milisekunde 21. Utasikia sauti yako ikichelewa kidogo masikioni, lakini rekodi haitakuwa na matundu.

Ukishabadilisha waya au dreva, rudi kupiga wimbo kutoka diski kuu ileile, unakili filamu nzima, kisha ulinganishe C7 na ile ya kwenye karatasi. Ikiwa imeongezeka hata kwa moja, hamisha waya kwenye tundu jingine la SATA ubaoni, uhesabu upya.