Kupaka Upya Rangi Vipande vya Plastiki Ndani ya Gari la Zamani

Vifungue vipande vyote kwanza, kwa kuwa rangi inayopulizwa vikiwa bado garini huacha mpaka unaoonekana. Kazi kubwa ni usafi: silikoni iliyomo katika baadhi ya dawa za kung'arisha dashibodi huifanya rangi ijitenge na kuacha vitobo, hivyo osha kwa sabuni, suuza, kausha, kisha futa kwa dawa ya kuondoa mafuta isiyoyeyusha plastiki. Sugua kidogo kwa msasa laini, namba 600 hivi. Plastiki ya aina ya polipropilini huhitaji praima yake maalumu, yaani tabaka la kwanza la kushikisha rangi; usiiruke. Puliza matabaka membamba mahali penye hewa, ukiwa umevaa barakoa ya kuzuia mvuke wa rangi, maana tabaka nene huziba michoro ya ngozi iliyochapwa kwenye plastiki, na hasara hiyo hairekebishiki kirahisi.