Dahuang na gancao: dawa inayomaliziwa kupikwa na bakteria wa utumbo

Anayeijua sanamaki ameshaijua nusu ya dahuang. Mzizi huu wa Kichina una senosaidi, kemikali zilezile zilizomo kwenye majani ya sanamaki, na kama sanamaki haulegezi choo mpaka bakteria wa utumbo mpana waufanyie kazi. Ndiyo maana dakika za jikoni zinahesabiwa, dawa hukawia, na anayemeza antibiotiki anaweza kunywa kikombe kizima asione kitu.

Molekuli ya senosaidi imeungana na sukari. Sukari hiyo huifanya isifyonzwe vizuri kwenye utumbo mwembamba, hivyo sehemu kubwa huteremka nzima hadi utumbo mpana. Huko bakteria, wakiwemo baadhi ya jamii ya Bifidobacterium, huikata sukari na kugeuza kinachobaki kuwa reinantroni. Hiyo ndiyo inayoufanya utumbo ujikaze, na ndiyo inayozuia maji yasifyonzwe yote kutoka kwenye choo. Safari nzima huchukua saa 6 hadi 12. Watafiti wa Japani walilionesha jambo la namna hii kwa babaloini, kiini cha shubiri: panya waliolelewa bila bakteria wowote hawakuharisha sana walipopewa, lakini waliopandikizwa aina moja ya Eubacterium inayoivunja waliharisha vibaya.

Mapishi tunayoyaeleza hapa ni dahuang gancao tang, dawa ya mizizi miwili iliyoandikwa na tabibu Zhang Zhongjing mwishoni mwa utawala wa Han katika China ya kale. Yeye aliitoa kwa mtu anayetapika mara tu anapokula, kwa uwiano wa dahuang sehemu 4 na gancao sehemu 1. Siku hizi hutumika zaidi kwa kufunga choo. Gancao ni mzizi mtamu wa likorisi. Huwekwa kupunguza msokoto wa tumbo unaoletwa na dahuang.

Dukani omba sheng dahuang, yaani mbichi isiyopikwa, iliyokaushwa na kukatwa vipande. Shu dahuang imeshapikwa kwa mvuke na nguvu yake ya kulegeza choo ni ndogo. Ukichanganya hizi mbili, kipimo chako hakina maana tena. Kipande kizuri kina rangi ya manjano inayoelekea kahawia, harufu yake ni kali ya pekee, na ukikitafuna ni kichungu, kinasagika kama kina mchanga na mate yanageuka manjano. Usinunue unga ukautumia kwa uzito wa vipande. Unga huliwa wote, wakati chungu hutoa sehemu tu ya kilichomo, kwa hiyo uzito uleule wa unga una nguvu zaidi.

Kwa mtu mzima anayeanza, pima dahuang gramu 3 na gancao gramu 2. Gancao hapa imezidi uwiano wa kale zaidi ya mara mbili, na kwa anayeanza ni bora hivyo. Mizani ya jikoni haiaminiki kwenye gramu 2 au 3. Tafuta ndogo ya aina ya sonara, inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Chombo kiwe chungu cha udongo, kioo kinachohimili moto, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na hizo hazifai, wala chuma cha kawaida hakifai: tanini za mizizi, yaani kemikali zake za ukakasi, hushikamana na madini hayo, dawa ikabadilika rangi na kupungua nguvu.

Loweka gancao kwenye mililita 300 za maji baridi kwa nusu saa. Bandika, ikichemka punguza moto, funika, acha dakika 20. Sasa ndipo utie dahuang. Hesabu dakika 5, epua, chuja kwa kitambaa safi na ukamue. Wachina wana jina la hatua hii, hou xia, kutia mwishoni, na ndipo wengi wanapoharibu. Senosaidi huvunjika kwa moto wa muda mrefu, tanini hubaki. Anayechemsha dahuang nusu saa nzima pamoja na gancao hupata maji meusi machungu yasiyolegeza choo vizuri, na tanini zilizobaki zinaweza hata kukifunga zaidi. Kisha hulaumu mzizi.

Kunywa ikiwa vuguvugu, usiku kabla ya kulala, ili kazi iishie asubuhi. Saa 3 zikipita bila dalili usiongeze kikombe cha pili. Kosa hili ndilo linaloleta mateso ya kuharisha mchana wa kesho, maana vikombe viwili vitakutana utumbo mpana. Subiri zipite saa 12 nzima. Kama hakuna kitu, usiku unaofuata panda hadi gramu 4 za dahuang, gancao ibaki palepale. Mkojo ukigeuka manjano iliyokolea au kahawia nyekundu, ni rangi ya mzizi.

Kama umemaliza antibiotiki wiki hii, au bado unazimeza, usiitumie dawa hii. Wafanyakazi wake, yaani bakteria wa utumbo, huenda wamepungua, na kuongeza kipimo hakuwarudishi. Wakirejea, kipimo kilekile ulichokizoea kikiwa kikubwa kitakuendesha kupita kiasi. Ukianza tena, anzia gramu 3.

Gancao nayo inahitaji macho, na hatari yake watu hawaijui kwa sababu ni tamu. Glisirizini iliyomo hufyonzwa kidogo sana ikiwa nzima. Bakteria huivua asidi mbili za glukuroni, na kinachobaki, asidi ya glisiretini, huingia damuni na kuzuia kimeng'enya kwenye figo. Mwili unashika chumvi na maji, unapoteza potasiamu, shinikizo la damu linapanda. Wataalamu wa chakula wa Umoja wa Ulaya walishauri glisirizini isizidi miligramu 100 kwa siku. Gancao ya kiwango cha kitabu rasmi cha dawa cha China ina angalau asilimia 2, kwa hiyo gramu 2 zina angalau miligramu 40, na gramu 5 zinagonga mpaka huo. Jumlisha pia chai na peremende za likorisi.

Sasa yaweke mawili pamoja: kuharisha kwa dahuang kunapoteza potasiamu, gancao inaipoteza kwa njia ya mkojo. Kwa sababu hiyo usivuke siku 7 mfululizo, na anayemeza digoksini (dawa ya moyo), furosemidi au dawa nyingine ya kuongeza mkojo asiiguse kabisa. Vivyo hivyo mjamzito, anayenyonyesha, mtoto chini ya miaka 12, mwenye shinikizo la juu la damu na mwenye ugonjwa wa figo.

Tumbo linalouma ghafla, limejaa, haliachi hata hewa kutoka, au linaambatana na homa na kutapika, si tumbo la kunyweshwa dawa ya choo ya aina yoyote. Huenda utumbo umeziba au kidole tumbo kimevimba, na kuusukuma kunaweza kuupasua. Hapo ni hospitali. Ukiwa katikati ya siku zako 7 na miguu ikavimba, misuli ikalegea au moyo ukadunda ovyo, acha dawa siku hiyohiyo, nenda ukapimwe shinikizo na potasiamu, na umwambie daktari wazi kwamba ulikuwa ukinywa gancao.