Fanksheni: anza na jedwali, grafu isubiri

Nimemaliza kumwelekeza mwanafunzi wa sekondari ambaye x kwenye mlinganyo anaitafuta bila shida, ila akiona f(x) anaweka kalamu chini. Tulipita hivi.

Hatua ya 1: Jedwali
Chora safu mbili kwa mkono. Kushoto namba unazoingiza, kulia majibu. Programu za kuchora grafu naziweka kando kwanza, maana zinakupa picha kabla hujajua ni picha ya nini. Kwa y = x², ingiza −2, −1, 0, 1, 2. Utapata 4, 1, 0, 1, 4.

Hatua ya 2: Swali lenyewe
Je, ipo namba ya kushoto yenye majibu mawili tofauti kulia? Kama haipo, hiyo ni fanksheni. Wengi wakiona 4 imetokea mara mbili wanaikataa. Jibu kujirudia si kosa; hata y = 7, inayotoa 7 kwa kila x, ni fanksheni halali. Kinachokatazwa ni x moja kuwa na majibu mawili. Jaribu x = y²: ukiingiza x = 4, y ni 2 na pia −2. Hapo y si fanksheni ya x.

Hatua ya 3: f(x)
Hapa usiwe na haraka. Alama hii mwanahisabati Euler aliitumia tangu 1734, na bado inachanganya watu kwa sababu mabano yake yanafanana na ya kuzidisha. Si f mara x. f ni jina la kanuni; kilichomo ndani ya mabano ndicho kinachoingizwa.

Chukua f(x) = x² − 5x. Futa kila x, acha mabano matupu:

f( ) = ( )² − 5( )

Kisha jaza, bila kuruka hata bano moja:

f(−2) = (−2)² − 5(−2) = 4 + 10 = 14

Ukiandika −2² bila mabano, kikokotoo kingi kitakupa −4, na kazi yote itaharibika huku wewe ukilaumu kanuni.

Ndani ya mabano kukiwa na herufi, njia ni ileile:

f(x + 3) = (x + 3)² − 5(x + 3) = x² + x − 6

Usiandike f(x) + 3, wala f(x) + f(3). Ukiwa na shaka, pima kwa x = 1: f(4) ni −4, na 1 + 1 − 6 ni −4. Lakini f(1) + f(3) ni −10.

Angalia pia mwelekeo wa swali. f(14) inakupa cha kuingiza. f(x) = 14 inakupa jibu, utafute kilichoingia: x² − 5x − 14 = 0, yaani x = 7 au −2. Namba mbili, jibu moja, ruksa.

Hatua ya 4: Kikoa
Kikoa ni x zote zinazoruhusiwa kuingizwa. Ondoa x zinazoleta kugawanya kwa sifuri au kipeuo cha pili cha namba hasi. 1/(x − 4) inakataa 4 tu. √(x − 4) inataka x isipungue 4.

Hatua ya 5: Grafu
Sasa ichore. Mstari wima wowote ukikata mchoro zaidi ya mara moja, si fanksheni, kwa sababu x hiyo ina majibu zaidi ya moja. Duara linaanguka hapo hapo.